Sikukuu ya Jina la Apolonia

Brzezina, 6 Novemba 1977

Mwanangu Seweryn,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi shangazi yako ni mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha kila asubuhi kwamba nina miaka sabini na moja. Ng'ombe amekauka maziwa mapema mwaka huu. Nyuki nimekwisha kuwalisha maji ya sukari na kuifunika mizinga, sasa na walale mpaka Machi.

Makaburi nimeyasafisha peke yangu. Kwa baba yako na mama yako nimewasha mishumaa minane, minne kwa niaba yako, maana hukuja. Tangu vita ilipokuacha mikononi mwangu ukiwa na miaka tisa, hukuwahi kukosa siku ya Watakatifu Wote. Watu waliuliza. Nikawaambia daktari wa falsafa ana kazi nyingi chuoni. Binti wa fundi viatu, aliyerudi juzi kutoka huko Kraków, akasema alikuona uani kwa watu umevaa ovaroli, unasukuma toroli la makaa ya mawe. Nikamwambia akapimwe macho.

Nimekutumia chupa mbili za asali na uyoga mkavu uliotungwa kwenye uzi. Je, huko bado mnabishana kama meza ipo au haipo? Mkipata jibu niambie, kwa sababu yangu ina mguu mmoja mbovu na sitaki kuitengeneza bure.

Shangazi yako,
Otylia

*

Kraków, 18 Novemba 1977

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu na heshima zangu. Mimi ni mzima. Asali na uyoga vimefika, na nyumba nzima inanukia msitu wa kwetu. Nisamehe kwa habari ya makaburi. Kazi za chuoni zimenibana. Binti wa fundi viatu mwache, Kraków ina watu wengi wenye pua kama yangu.

Siku hizi jioni za Alhamisi nakuwa na marafiki. Jana tulikuwa kwa Bi Apolonia, mwalimu mstaafu wa biolojia, mjane anayekaa mtaa wa pili kutoka kwangu. Ilikuwa sikukuu ya jina lake, siku ya mtakatifu wake. Tulikuwa watu kama thelathini, tukala keki, tukaimba, tukaondoka. Hakuna zaidi ya hapo. Unajua mwenyewe, siku ya jina watu huja bila kualikwa, na mwenye nyumba hajui hata nusu yao ni nani.

Jambo dogo. Bahasha zako zinafika zimebandikwa vizuri mno, gundi imejaa mpaka pembeni. Usijichoshe kuniandikia habari nyingi. Niandikie goti lako na nyuki, inatosha.

Wako,
Seweryn

*

Brzezina, 24 Novemba 1977

Mwanangu Seweryn,

Tumsifu Yesu Kristo. Mara ya ngapi sasa nakuamkia hivi na wewe hunijibu "milele, amina"? Najua huamini, lakini jibu halikuumi ulimi.

Goti ni lile lile. Theluji ya kwanza imeanguka. Gundi gani unayosema? Mimi bahasha naifunga kwa ulimi wangu kama mama yangu alivyofanya.

Lakini hapa nimecheka mpaka paka akakimbia. Sikukuu ya Apolonia mwezi wa Novemba? Mwanangu, Mtakatifu Apolonia ni tarehe 9 Februari. Alivunjwa meno kwa ajili ya imani yake, ndiyo maana wenye jino bovu humwomba yeye. Bibi yako alimwomba siku tatu na jino likang'oka lenyewe kwenye bakuli la supu. Kalenda ninayo hapa ukutani: tarehe 17 Novemba ni ya Salomea na Grzegorz. Na Oktoba uliniandikia mlikuwa kwa Agnieszka, ambaye ni wa Januari. Nilidhani kalamu imekuteleza, nikanyamaza. Umesoma vitabu vya Wagiriki na vya Wajerumani, kalenda ya jikoni imekushinda. Huyo Bi Apolonia naye anakubali kuimbiwa miezi mitatu kabla ya siku yake? Mwambie kutoka kwangu ni mwanamke mwenye haraka.

Shangazi yako,
Otylia

*

Brzezina, 11 Desemba 1977

Mwanangu Seweryn,

Tumsifu Yesu Kristo. Wiki mbili na nusu hujaandika. Kila siku nakwenda posta, na yule mama wa dirishani, ambaye zamani alinishika nusu saa kwa umbea, sasa ananiambia "hakuna" kabla sijafika, na haniangalii usoni.

Kuku wanataga. Fundi viatu ana kikohozi. Jumatatu alikuja mgeni, mtu wa mjini mwenye glavu za ngozi. Alisema anapita tu na anapenda asali. Hakuionja. Basi, si kitu.

Kama umeudhika kwa ajili ya kalenda, nakuomba radhi. Mimi ni mwanamke mjinga, napenda kusahihisha watu. Niandikie hata neno moja. Nalala nimevaa shali na viatu, na sijui kwa nini.

Otylia

*

Kraków, 16 Desemba 1977

Shangazi mpendwa,

Salamu na heshima zangu. Usiwe na wasiwasi. Nilishikwa na mafua makali. Mwandiko umeharibika kwa sababu nilibanwa vidole viwili na mlango. Bi Apolonia naye ameanguka kwenye ngazi, amevunjika mkono. Majira ya baridi ndivyo yalivyo.

Sikuudhika hata kidogo. Kalenda yako iko sahihi, ila tafadhali tusiandikiane tena juu ya sikukuu za watu. Mkesha wa Krismasi sitaweza kuja. Na akija mtu kutafuta asali, mwambie imekwisha.

Wako,
Seweryn

*

Brzezina, 19 Desemba 1977

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Sitauliza kitu. Padre amebariki mikate ya Krismasi, ile myembamba kama karatasi, na nimeuvunja wa kwetu katikati. Nusu yako iko humu ndani ya bahasha. Usiile peke yako. Uvunje na mtu, mtakiane heri, kisha unitaje.

Mimi jioni ya Mkesha nitapika supu ya viazisukari vyekundu na samaki, kwa mtu mmoja. Sahani ya pili nitaiweka mezani kama kila mwaka, ile ya mgeni asiyetarajiwa. Nimeiweka maisha yangu yote bila kufikiri. Mwaka huu naogopa ni nani atakayekuja kuketi hapo.

Otylia

*

Kraków, 28 Desemba 1977

Shangazi mpendwa,

Salamu na heshima. Nusu ya mkate ilifika salama, haikumeguka hata pembe. Niliuvunja na Bi Apolonia, yeye kwa mkono wake mzima na mimi kwa vidole vyangu vizima, na wewe tukakutaja wa kwanza. Asante sana. Ilikuwa kama niko nyumbani.

Wako,
Seweryn

*

Brzezina, 6 Januari 1978

Mwanangu Seweryn,

Tumsifu Yesu Kristo. Leo ni sikukuu ya Wafalme Watatu, nimeandika herufi zao mlangoni kwa chaki.

Jana nilipanda kwenye kiti kupangusa vumbi kwenye picha ya Mama wa Mungu. Nyuma ya picha nikakuta nusu yako ya mkate. Niliuweka pale usiloane nilipokuwa naandika, nikasahau kuutia. Nilikutumia bahasha isiyo na mkate, Seweryn.

Wewe umefundisha watu miaka kumi na tano juu ya ukweli. Umeniandikia mkate haukumeguka pembe. Sasa basi mafua hayakuwa mafua, na huo mlango haukukubana vidole wenyewe. Sina elimu lakini kujumlisha najua.

Na mimi nilikuficha. Yule mtu wa glavu alitoa karatasi mfukoni akaiweka juu ya meza yangu. Ilikuwa picha ya barua yangu kwako, ile ya Apolonia, kwa mwandiko wangu, hata doa la supu lilionekana. Akanisomea kwa sauti, taratibu, kama mtu anayesoma Injili. Kisha akasema, "Bibi, umetusaidia sana. Sisi tulikuwa tunahesabu keki." Akataka nisaini kwamba mpwa wangu husema uongo juu ya sikukuu. Nikamwambia bila miwani sioni, na miwani imevunjika. Ilikuwa juu ya kichwa changu. Alicheka akasema atarudi.

Sikukuambia kwa sababu niliogopa utanichukia. Bado naogopa. Lakini siwezi kukaa tena bila kujua. Nimekufanyia nini, mwanangu?

Otylia

*

Kraków, 15 Januari 1978

Shangazi,

Salamu. Nimeanza barua hii mara nne. Najua kuna mtu ataifungua kabla yako. Naye asome, hakuna humu asilolijua.

Chuoni nilifukuzwa majira ya joto ya mwaka juzi, baada ya kutia jina langu kwenye barua ya kuwatetea wafanyakazi waliopigwa. Binti wa fundi viatu ana macho mazuri. Natunza boila la kupasha joto jengo la ghorofa sita, na toroli lile ni langu. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa unajivunia.

Vijana walinifuata kwenye boila. Walitaka kusoma yale ambayo chuoni hayasomwi, historia yetu bila kukatwakatwa, na falsafa bila kuambiwa mapema jibu ni lipi. Tukaanza kukutana majumbani, kila Alhamisi nyumba nyingine. Kwa ajili ya majirani tukasema ni sikukuu za majina. Mimi nilijua barua zangu zinafunguliwa, nikajiona mjanja, nikakuandikia wewe habari za keki ili wao wazisome waamini. Nilikutumia wewe kama pazia. Kalenda sikuitazama, maana mimi nilidhani nimekwisha kuyapita mambo ya kalenda.

Tarehe mosi Desemba tulikuwa tena kwa Bi Apolonia. Wanaume kumi hivi wa polisi wakaingia, hawakupiga hodi. Bi Apolonia alisimama mlangoni pa chumba cha nyuma walikokuwa vijana. Walimtoa nje wakamsukuma kwenye ngazi. Vidole vyangu vilibanwa na droo ya meza yao, siku ya pili ya maswali. Waliniwekea barua yako mbele wakaniacha nayo saa nzima. Niliisoma mpaka nikaikariri. Nilicheka pale kwenye jino na supu, na aliyekuwa ananilinda akadhani nimerukwa na akili.

Sasa sikiliza hatari iliyobaki. Wanataka nisaini kwamba shule ile aliianzisha Bi Apolonia. Nikisaini, kesi inamwangukia yeye na mimi narudishiwa kazi chuoni. Nisiposaini, inaniangukia mimi, miaka mitatu jela. Nimepewa mpaka mwisho wa Februari. Bi Apolonia ameniambia nisaini, yeye ni mzee na kula kwake ni kidogo. Naona aibu kukuandikia kwamba kuna asubuhi ninapoamka nimekwisha kusaini kichwani.

Hukunifanyia kitu. Nilijifanyia mwenyewe, nikakuacha wewe ukose usingizi.

Seweryn

*

Brzezina, 22 Januari 1978

Mwanangu Seweryn,

Tumsifu Yesu Kristo. Baada ya barua yako nililala siku mbili, na ng'ombe akalia mpaka jirani akaja. Nilikuwa namwona yule mama kwenye ngazi, na kila nilipomwona nilikuwa mimi ndiye niliyemsukuma. Usiniambie sikufanya kitu. Barua ni yangu, na mkono uliovunjika ni wa mtu nisiyemjua.

Siku ya tatu nikaamka nikaitazama kalenda. Tarehe 9 Februari mwaka huu ni Alhamisi.

Nakuja. Nimemwachia jirani ng'ombe na kuku kwa siku mbili. Sijawahi kupanda treni ya Kraków peke yangu, na ninavyoogopa ni kama naenda kung'olewa jino. Nitaoka keki ya asali, nitakwenda kwa Bi Apolonia kumpa heri ya jina lake na kumwomba radhi usoni. Waambie wanaotaka kuja waje. Safari hii ni kweli.

Na wewe, bwana unayesoma kabla ya mwanangu: imo kwenye kalenda, tazama. Na ukimaliza usitie gundi nyingi, bahasha inachanika.

Usisaini, Seweryn. Nasema hivyo huku natamani usaini uje nyumbani. Lakini usisaini.

Shangazi yako,
Otylia

*

Kraków, 10 Februari 1978, juu ya meza yako

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hii haipiti posta. Naiacha chini ya chupa ya asali, nimeingia kwa ufunguo alionipa Bi Apolonia, kwa sababu jana alfajiri walikuchukua na hakuna anayejua watakuachia lini. Nilikwenda kituo chao cha polisi na kipande cha keki. Aliyekaa mlangoni akasema hakuna mtu wa jina hilo. Nikamwambia mimi ndiye niliyemfundisha kuliandika. Akafunga dirisha.

Jioni nilikwenda kwa Bi Apolonia hivyo hivyo. Mlangoni walisimama wawili. Mmoja akaniuliza naenda wapi, nikasema kwa Apolonia, akauliza kuna nini. Nikamwambia, "Leo tarehe ngapi, mwanangu? Kwenu hamna kalenda?" Yule mwenzake akatazama viatu vyake. Waliandika jina langu kutoka kwenye kitambulisho, wakaniacha nipite.

Walikuja watu arobaini, Seweryn, na kila mmoja maua mkononi, idadi isiyogawanyika kwa mbili kama inavyopasa. Bi Apolonia ana mkono kwenye plasta na uso wa mtu anayejua kucheka. Nilitaka kupiga magoti kumwomba radhi, goti likakataa. Akanishika akaniambia nisivunjike na mimi, nyumba ina mkono mmoja tu wa kupikia. Kisha akanibusu, nikalia juu ya plasta yake mpaka ikalowa.

Watu walisimama tu. Kulikuwa na kiti kimoja kitupu mbele na hakuna aliyekikalia. Mimi goti liliniuma, nikakaa. Hapo vijana wote wakatoa madaftari. Kumbe kilikuwa kiti chako.

Niliwaambia nina madarasa manne ya shule. Wakaandika. Nilikohoa, nadhani hata hilo waliliandika. Kwa hiyo nikawaambia ninalolijua. Nikawaambia mimi ndiye mwenye barua ile. Hapo niliogopa kuliko nilivyowaogopa wale wa mlangoni. Msichana mmoja mwenye nywele fupi akauliza, hakuniuliza vibaya, "Bibi, ungejua wanasoma, ungeandika nini?"

Nikamjibu ningeandika juu ya nyuki. Ningejua, wasingepata kwangu kitu mpaka kaburini. Nikamwambia mpwa wangu ananipenda, kwa hiyo alinidanganya ili nisiogope. Nami nikabaki sijui kitu, na mtu asiyejua kitu ndiye aliyewaonyesha njia. Nikasema mtu akikuficha ukweli kwa ajili ya mapenzi, amekuamulia wewe ni mtoto. Mimi si mtoto wa Seweryn, Seweryn ni wangu. Hapo walicheka kidogo, na Bi Apolonia akakata keki.

Treni yangu ni saa nne. Mkate wako nimeuacha hapa pia, ile nusu ya nyuma ya picha. Sasa umefika kweli.

Otylia

*

Kraków, 12 Februari 1978

Shangazi yangu,

Wameniachia jana asubuhi, baada ya saa arobaini na nane. Karatasi waliniwekea mara tatu. Sikusaini. Wamesema tutaonana mwisho wa mwezi, na nawaamini.

Mkate niliukuta. Safari hii umemeguka pembe mbili, na nimeuvunja na Bi Apolonia, naye yuko tayari kukuandikia kuthibitisha. Yule msichana mwenye nywele fupi ameniletea daftari lake. Juu ameandika tarehe, na chini yake: mhadhiri, Bi Otylia Galica wa Brzezina. Ni kurasa nne. Nimezisoma nimekaa kwenye makaa, maana zamu yangu ilikuwa imefika. Mimi kwa miaka kumi na tano niliyasema hayo hayo kwa maneno marefu, na nyumbani sikuyafanya.

Ulikuwa unaniuliza siku zote kazi yangu ni nini hasa. Alhamisi ijayo tunakutana kwangu, saa kumi na mbili jioni. Nimebandika karatasi mlangoni kwangu yenye jina langu, saa, na neno "somo". Tarehe hiyo sijui ni ya mtakatifu gani. Akija mtu kuuliza kuna nini humu, nitamwambia.

Naogopa sana, Shangazi. Nakuambia ili ujue.

Milele, amina.

Seweryn